Mara Moja Tu, Alisema Stergios

Kijijini kwetu mtu hufa mara moja na huzikwa mara mbili. Mazishi ya kwanza ni ya nyama, ya pili ni ya mifupa. Miaka mitatu ikitimia tunamfukua, sisi wanawake, kwa jembe na kwa mikono. Tunaosha mifupa kwa divai, tunakibusu kichwa, tunamweka kwenye chumba kilichoko nyuma ya kanisa la Mtakatifu Nikola pamoja na babu zake. Mifupa ikitoka safi, ya manjano kama nta, mama mtu anakwenda zake kulala. Udongo umekula, Mungu amesamehe, yamekwisha. Isipotoka hivyo, basi hapo ndipo penye habari yangu. Na kama yupo atakayeniambia marehemu hawasemwi vibaya, aende akawawashie mishumaa. Mimi nawasema, maana niliwapenda.

Naitwa Garufalia. Kazi yangu ni jibini. Naikata, naipanga kwenye pipa, naifunika kwa maji ya chumvi, na inakaa humo mwaka mzima bila kuoza. Mikono yangu inanuka maji hayo hata siku ya Pasaka. Jirani zangu ukuta kwa ukuta walikuwa Stergios na mkewe Polixeni. Walizika watoto wawili wachanga, kisha wakapata wa tatu, na mimi ndiye niliyembatiza. Nilimpa jina la Zisis, yaani aishi. Ndivyo tunavyofanya kwetu watoto wakifuatana kwenda kaburini: yule anayebaki tunambandika uhai kwenye jina, labda kifo kitasoma na kupita.

Stergios alikuwa msomaji wa kanisa. Kila Jumapili alisimama katikati, kitabu mkononi, akatusomea nyaraka za Mtume. Sauti alikuwa nayo, lazima niseme, ilitoka tumboni na kugonga paa. Lakini kila mtu ana ugonjwa wake, na wa Stergios ulikuwa neno moja. Hapax. Kwa lugha ya kanisani, ile ya kale ambayo sisi tunaisikia tangu kubatizwa na nusu yake inatupita, hapax ni mara moja. Mara moja isiyo na ya pili. Watu wamewekewa kufa hapax, kisha hukumu. Kristo aliingia patakatifu na damu yake hapax, hakuwa kama makuhani wa zamani, kila mwaka mbuzi, kila mwaka ndama. Stergios angekushika pale kwenye mgahawa wa Fotos, kahawa yako ipoe, akufafanulie.

"Mambo ya Mungu hayarudiwi," alikuwa akisema. "Kinachorudiwa ni cha binadamu. Kunyoa ndevu, kukamua mbuzi."

"Na kodi!" Fotos akidakia kutoka jikoni.

"Na wewe kutwambia hayo hayo, Stergios!" mwingine akisema, na wote kicheko.

Yeye hacheki. Angewatazama hivi, kama mwalimu anayetazama darasa la wajinga, kisha arudi kwenye kitabu chake.

Polixeni alipokuwa na mimba ya Zisis, Stergios alilizunguka kanisa kwa magoti, kwenye theluji, akamwahidi Mtakatifu Nikola: huyu akiishi, atasimama mahali pangu na kusoma. Magoti yaliiva kama nyanya. Mtoto akaishi. Kabla hajajua kufunga viatu vyake alikuwa anajua kusoma nyaraka, na sauti, jamani, sauti ya yule mtoto! Wanawake tulikuwa tunaacha kusengenyana. Nilikuwa nasimama pale najisemea, huyu ni wangu pia, nilimpaka mafuta mimi.

Basi akakua, akaota masharubu, na masharubu yakamwambia aende Ujerumani. Wenzake wote walikuwa wanakwenda. Kuna kiwanda cha matairi kule, kilikuwa kinawameza vijana wa milima yetu kama mbwa mwitu aliyeingia zizini. Asubuhi ya kuondoka basi lilisimama uwanjani, kijiji kizima tupo, mama zao wanalia, na Zisis akaja mbele ya baba yake na sanduku lake la mbao.

"Baba, nipe baraka yako."

"Nani atasoma Jumapili?" Stergios akauliza.

"Soma wewe, baba. Sauti bado unayo."

"Nilimwahidi Mtakatifu."

"Uliahidi wewe," Zisis akasema. "Mimi nilikuwa tumboni. Hakuna aliyeniuliza."

Watu wakacheka. Hakusema kwa ubaya, mtoto wa watu, alikuwa na ulimi mwepesi tu na alitaka kupunguza machozi ya pale. Lakini kicheko kile ndicho kilichoharibu. Nilimwona Stergios uso ukimgeuka, ukawa mweupe kuanzia midomoni.

"Nenda," akasema. "Udongo usikule."

Kwetu hakuna laana inayoizidi hiyo. Mtu unaweza kumwombea afe, apooze, mbuzi wake watupe mimba, yote hayo husemwa na husameheka. Lakini udongo kutokumla ni kusema asipumzike milele, abaki vile vile kule chini, wala hai wala mifupa.

Polixeni akamrukia mumewe, akamshika kola. "Temea chini! Baba Zisis, tema mate, sema hukusema!"

"Nimesema."

"Rudisha!"

"Maji yakimwagika hayazoleki," Stergios akasema. "Neno ni hapax."

Zisis alijaribu kutabasamu. Akaibusu mikono ya mama yake, akanibusu mimi, akapanda basi.

Alirudi kwenye majira ya baridi ya pili, ndani ya sanduku. Mashine ilimvuta, walisema. Alikuwa wa kwanza kijijini kwetu kuletwa maiti kutoka nje, hatukujua mambo hayo yanakwendaje. Ndani ya mbao kulikuwa na bati limezibwa kwa risasi ya kuyeyusha, na Polixeni akasema hazikwi mtu ndani ya kopo kama dagaa, nataka kumwona mwanangu. Fundi akalikata bati. Tukasogea huku tumeshika vitambaa puani, maana alikuwa njiani zaidi ya wiki.

Alikuwa kama amelala. Mashavu yamejaa, masharubu yamechanwa, suti mpya, na hanuki hata kidogo. Tukaviondoa vitambaa kwa aibu.

"Tazama walivyomtunza," Polixeni akasema. "Wajerumani hawa, Mungu awabariki. Tazama, Garufalia, kama jana!"

Na sote tukawasifu Wajerumani. Tulimtoa kwenye bati, tukamlaza kwenye mbao tupu ili udongo umpate. Stergios akasoma kaburini kwa sauti ile ile, hakukosea hata herufi, machozi hakuna. Nilitamani kumpiga na jembe.

Miaka ile mitatu Polixeni alikwenda makaburini kila Jumamosi na mafuta ya taa na ngano ya kuchemsha. Hakumsema mumewe. Alikuwa na matumaini yake: siku ya kufukua itaonyesha. Mungu hawezi kusikiliza upuuzi wa mzee mwenye kiburi, alikuwa akiniambia, Mungu naye ana mtoto.

Siku ikafika. Tulichimba mimi, yeye na wanawake wengine wawili, tukiomboleza kama inavyotakiwa, divai iko tayari kwenye birika, shuka jeupe limetandikwa. Jembe likagusa mbao iliyooza. Nikaanza kutoa udongo kwa mikono, nikitafuta kichwa, maana kichwa ndicho hutoka kwanza. Nikashika nguo. Na ndani ya nguo palikuwa na bega.

Sitaeleza sana. Ngozi ilikuwa ya rangi ya kahawia, imemkaza, lakini alikuwa yeye. Kucha anazo. Masharubu anayo, yamechanwa upande. Mmoja wetu akatupa jembe na kukimbia. Polixeni hakulia. Alipiga magoti akamfunika uso na lile shuka la mifupa, akasema, "Mwanangu hajaliwa."

Padri Nasios akaja akasoma sala zake za kufungua waliofungwa, tukamfukia tena. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua, na kila mtu alikumbuka asubuhi ya basi.

Tunayo dawa yake kwetu. Aliyelaani anatia chumvi ndani ya bakuli la maji, anangoja iyeyuke, anayamwaga juu ya aliyelaaniwa na kusema: kama chumvi hii ilivyoyeyuka, laana yangu iyeyuke. Ni jambo dogo, la dakika chache. Polixeni akamwomba. Alimwomba mezani, alimwomba shambani, alimlilia miguuni mbele ya wageni. Ukuta wetu ni mmoja, nilisikia kila neno.

"Mimina, Stergios. Kwa ajili yangu kama si yake."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani? Chumvi ipo, maji yapo!"

"Wewe huelewi. Neno lile ndilo linaloshika kila kitu," akasema. "Mtu anakufa hapax, anahukumiwa. Kristo alitolewa hapax, dhambi zikaondoka. Ni neno moja, mistari miwili inayofuatana. Ukililegeza huku, linalegea na kule. Kama hukumu inarudiwa, wokovu nao utarudiwa, na leo hatuna kitu, mke wangu. Hatuna kitu."

Sikieni hilo. Mtoto wake yuko ardhini kama kisiki, na yeye analinda ukuta wa mbinguni usianguke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Mimi nasema aujuaye mama.

Padri Nasios naye akajaribu. Si msomi Padri wetu, alikuwa mchungaji wa kondoo kabla ya kuwa wa watu, lakini roho anayo. Alimkuta Stergios pale kwa Fotos.

"Stergios, hapax ni la Mungu," akamwambia. "Analitumia kwa mambo yake. Wewe uliachiwa lile lingine, sabini mara saba."

"Hilo alimwambia Petro, kuhusu ndugu yake," Stergios akajibu. "Hakutaja mwana."

"Huna adabu."

"Nina kitabu."

Padri akainuka akaiacha kahawa yake. Sikuwahi kumwona akiacha kahawa.

Ilikwenda hivyo miezi mingi, hata ikafika Kwaresima, Jumapili ile ya tano ambapo husomwa habari ya kuhani mkuu na damu yake. Stergios akasimama katikati kama kawaida, akaanza, sauti ikapanda. Akafika mahali pa neno lake, kwamba aliingia mara moja tu, akapata ukombozi wa milele. Akasema, "Aliingia..." akakwama. Tulidhani amepoteza mstari. Stergios kupoteza mstari! Akajaribu tena. "Aliingia..." Mdomo unakwenda, sauti haitoki. Akageuka kutazama kile kizimba cha waimbaji ambapo Zisis alikuwa akisimama utotoni, juu ya kiti ili aonekane. Akakifunga kitabu, akamkabidhi mtu wa karibu, akatoka nje kofia mkononi.

Nilipofika nyumbani alikuwa ananingoja mlangoni mwa ghala langu.

"Garufalia, nipe chumvi."

"Hii ni ya jibini. Ni ya mawe, mikubwa mikubwa."

"Hiyo hiyo."

Tulikwenda makaburini watatu, yeye, Polixeni na mimi. Polixeni alishika bakuli. Chumvi ya mawe haina haraka, na maji ya mlimani ni baridi, kwa hiyo tulisimama pale muda mrefu tukiitazama, na Stergios akiikoroga kwa kidole, kidole chekundu kwa baridi, analia kama mtoto, kamasi zinamtoka hajali.

"Kuna mahali Mtume anawaandikia waliomsaidia," akasema, hata sijui alikuwa anamwambia nani. "Anasema mlinitumia msaada hapax na tena. Mara moja, na mara ya pili. Neno lile lile! Nilikuwa nalisoma haraka haraka nipite. Sikulipenda."

"Koroga," Polixeni akasema.

Ilipoyeyuka yote aliyamwaga, taratibu, kuanzia kichwani hadi miguuni mwa kaburi. "Kama chumvi hii ilivyoyeyuka, Zisis, laana yangu iyeyuke. Mwanangu. Udongo ukule. Udongo ukule, babangu." Na alisema kweli. Nilikuwa pale, nilimwona uso, na siku nikiulizwa mbele ya Mungu nitasema hivyo hivyo.

Tangu siku ile mambo yakawa mazuri nyumba ya pili. Nilisikia vijiko viwili mezani. Siku moja nilisikia Polixeni akicheka, nikaacha kukanda jibini nisikilize vizuri. Walihesabu pamoja, miaka mitatu mingine tu, wakapanda mrihani juu ya kaburi, Stergios akatengeneza kwa mikono yake sanduku dogo la mifupa, la mti wa mjozi, akachonga msalaba.

Mnajua nitakachosema. Tulichimba. Stergios hakutakiwa kuwepo, wanaume hawahudhurii, lakini alisimama nyuma ya ukuta wa makaburi, kofia yake ilionekana. Nikatoa udongo, nikashika nguo, na ndani ya nguo palikuwa na bega lile lile.

Polixeni alimtazama mwanawe. Kisha akapanda kutoka shimoni bila kushikwa mkono, akaenda hadi ukutani.

"Chumvi iliyeyuka, Stergios. Wewe je?"

"Nilimsamehe," Stergios akasema. "Polixeni, naapa kwa roho yake, nilimsamehe kwa moyo wote."

"Mwongo. Udongo hausemi uongo. Ulimwaga maji ili nikupikie."

"Muulize Garufalia!"

Nikasema, "Alisamehe, dada, mimi nilimwona."

"Wewe uliona kamasi," akanijibu.

Hakusema na mumewe tena. Alimpikia, alimfulia, alimwekea sahani mezani na kwenda kula jikoni. Sanduku la mjozi wakalitilia vitunguu. Stergios akaacha kusoma kanisani. Nyaraka sasa anazisoma mjukuu wa Fotos, anazisoma kama anayetangaza bei za samaki. Neno lake hakulitaja tena kamwe. Alikuwa anakaa uwanjani mahali lilipokuwa likisimama basi, na watu wakimpita wanamsalimia kwa mbali, maana mtu ambaye laana yake haiondoki hata akiiondoa, huyo ni wa kuogopwa.

Akaugua. Kwetu mtu akiwa mahututi mlango unafunguliwa, watu wanaingia mmoja mmoja, mgonjwa anawaomba msamaha na wao wanamwambia umesamehewa, na Mungu akusamehe. Haijalishi ulimfanyia nini. Hata waliogombania mpaka wa shamba miaka na miaka huingia wakasema. Mtu hasindikizwi na kisasi. Wakaingia wote, Fotos akaingia, Padri akaingia na kulia, mimi nikaingia nikamwambia, "Umesamehewa, mzee, hata vile ulivyonichosha." Akatabasamu kidogo. Polixeni alikuwa amesimama mlangoni, mikono chini ya aproni.

"Mke wangu," Stergios akasema. "Wewe bado."

Polixeni akatoa mikono, akailaza aproni.

"Polixeni. Nisamehe."

"Nilikuomba mpaka sauti ikanikauka," Polixeni akasema, taratibu kabisa, kama anayeagiza unga. "Ukanipa neno lako. Leo nakurudishia, ni lako. Sikusamehi. Hapax."

Padri akasema, "Mwanamke, kwa jina la Mungu!" Mimi nikamvuta Polixeni mkono. Alikuwa mgumu kama mlango. Stergios alimtazama, akatikisa kichwa kidogo kukubali, na hilo ndilo baya kuliko yote, alikubali, kana kwamba mwanafunzi wake hatimaye amejibu sawasawa. Akageukia ukutani. Alikufa kabla maziwa ya asubuhi hayajachemka.

Tulimzika pembeni mwa mwanawe. Polixeni hakuwasha taa juu ya kaburi lile. Mwaka mzima aliwasha moja tu, ya Zisis.

Agosti iliyofuata, sikukuu ya Mama wa Mungu, walirudi wale wa nje kwa likizo kama kawaida, na magari yao na mashati yao. Meza zilitandikwa uwanjani, mbuzi wa kuchoma, klarineti. Alikuwepo Kleomenis, mkwe wa Fotos, aliyefanya kazi miaka mingi kule kule Ujerumani. Polixeni alikaa mwisho wa meza yetu na nguo zake nyeusi, anatafuna mkate. Mtu mmoja mlevi akaanza kumsimulia Kleomenis habari ya Zisis asiyeliwa. Nikamkanyaga mguu, hakuelewa.

"Laana gani?" Kleomenis akasema, mdomo umejaa nyama. "Ninyi mbona washamba hivi? Maiti anayevuka mpaka anachomwa dawa. Ndiyo sheria. Damu inatolewa, dawa inaingizwa mishipani asiharibike njiani. Huyo hata mkimfukua wakati wajukuu wenu wameshazeeka, mtamkuta na masharubu yake. Hata mngemsamehe ninyi na malaika wote."

Klarineti iliendelea. Mezani kwetu hakuna aliyegusa kitu.

Polixeni akameza mkate wake. "Kwa hiyo mume wangu alisema kweli," akasema.

Fotos akainuka akasema anakwenda kuleta maji. Kleomenis akatutazama mmoja mmoja, "Nimesema nini? Nimesema nini jamani?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa kanisani napanga mishumaa, Polixeni akaingia moja kwa moja hadi kwa Padri.

"Padri, nikimsamehe leo, inafika?"

"Mungu anasikia, binti yangu."

"Mungu sikumkosea, siulizii Mungu. Yule aliondoka na neno langu masikioni. Nikimwambia sasa, yeye, yeye mwenyewe, anasikia?"

Padri Nasios alishika ndevu zake. Angeweza kumdanganya, wala nisingemlaumu. Lakini yule mchungaji wa kondoo hajui kudanganya. "Mtu hufa mara moja, Polixeni," akasema. "Alikufa kama ulivyomwacha. Mengine yako kwa Mungu."

Polixeni akacheka. Kicheko kile sikutaka kukisikia mara ya pili. "Stergios angekusifu," akamwambia.

Jumamosi ile akaja ghalani kwangu na bakuli. Nikampa chumvi, ya mawe, sina nyingine. Alikwenda, akaikoroga, akaimwaga juu ya kaburi la mumewe, kichwani hadi miguuni. Jumamosi iliyofuata akaja tena, kisha akawa anakuja kila siku. Bakuli likawa ndoo. Anasema anajua kwamba mara moja haikutosha kwa Zisis, labda Stergios anahitaji nyingi, alikuwa na kichwa kigumu. Anazungumza naye huku anakoroga, anamweleza habari ya ile dawa ya mishipani, anamwambia mzee wangu ulisema kweli, mzee wangu umesamehewa. Majani juu ya kaburi lile yamekufa. Mrihani uliokuwa kwa Zisis, pembeni, nao umenyauka upande mmoja. Jua likiwaka udongo unang'aa mweupe, umeganda juu kama ukoko.

Vuli hii Stergios anatimiza miaka yake mitatu. Nitamchimba mimi, hakuna mwingine aliyebaki mwenye mgongo.

Juzi Polixeni alikuja na ndoo yake. Akakaa kwenye kigoda akinitazama nikipanga jibini kwenye pipa na kuifunika.

"Garufalia, atatoka safi, eti?"

Kwenye pipa la pili kulikuwa na jibini ya mwaka jana. Niliitoa pipani mbele yake, nyeupe, ngumu, haina hata doa, kama siku niliyoitia. Yeye aliitazama na hakuona kitu. Maisha yangu yote nimeishi na chumvi, naijua inavyofanya kazi kuliko ninavyozijua sala zangu, na nilifungua mdomo nimwambie. Angebaki na nini?

"Atatoka safi, dada," nikasema.

"Basi nijazie," akasema, akasukuma ndoo.

Nikamjazia.